Salamu Zilizokula Muda wa Bibi

Juzi nilirudi Kidete, kijiji cha Bibi yangu. Pale stesheni vijana walikuwa wakibishana juu ya katiba mpya, na mmoja akasema, "Watu wa kijijini hawana habari na katiba. Wao ni mpunga tu." Wewe ngoja nikueleze.

Nilikuwa darasa la nne, nikiishi kwa Bibi, tulipotangaziwa kwamba wageni wanakuja kukusanya maoni. Mwalimu alitufafanulia kuwa katiba ni makubaliano ya nchi nzima, na sheria nyingine zote huzaliwa humo. Jirani yetu akacheka: "Tutaila na mboga gani?" Bibi hakucheka. Babu alikuwa amefariki, na mashemeji walikwishaanza kulitolea macho shamba lake la mpunga kando ya mto Mkondoa.

Nyumbani Bibi alisema Kisagara, basi kila alipotwanga alijizoeza kwa Kiswahili neno la kuwaambia wageni, mchi ukimpigia mdundo: "Mjane asinyang'anywe shamba." Ulimi ulimteleza kwenye hilo "asinyang'anywe", nikamsahihisha, akacheka mpaka pumba zikamwingia mdomoni. Harufu ya mchele ule mpya bado ninayo puani.

Siku ya mkutano alivaa kanga mpya. Alipopewa kipaza sauti, alianza kama alivyolelewa. Akawaamkia wazee. Akawapa wageni pole ya safari, akauliza hali za huko walikotoka, watoto wao, na mvua kama zimenyesha. Ndiyo kwanza anawageukia akina mama, mgeni mmoja akamkatiza, "Asante, bibi, muda umekwisha."

"Baba, mbona sijasema bado?"

"Utasema kwenye kura ya maoni, bibi."

Watu wakaangua kicheko.

Kura hiyo aliingoja kweli. Aliifua kanga, akaikunja, akaiweka. Kinuni aliendelea kujizoeza. "Safari hii naanza na shamba," aliniambia. "Salamu watanidai."

Kura haikuja. Mashemeji walikuja. Bibi nami tukahamia kwa wazazi wangu Kilosa mjini, ambako mchele tulinunua dukani na hakukuwa na kinu cha kuzungumza nacho. Hapo ndipo alipokaa kimya, hadi tulipomzika.

Juzi nilifika hadi kwenye lile shamba. Mpunga ulikuwa umechanua vizuri mno. Mzee mmoja nisiyemjua alikuwa akifukuza ndege. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba," kisha akaniuliza kwa upole natafuta nini pale.

Zaidi ya salamu, hapakuwa tena na kilicho chetu pale.