Soma Fyuzi, Usisome Boksi

Nakumbuka siku ile moshi ulipoanza kutoka kwenye buti ya gari langu, pale Igoma. Watu walipiga yowe, "Shukeni! Shukeni!", na baba yangu, aliyekuwa amekaa siti ya nyuma, akawapungia mkono kwa tabasamu. Alidhani wanamsalimia. Baba alikuwa hasikii.

Mwanangu, naona umeshaanza kucheka. Unasema, huyu naye, miaka thelathini na minne, mvi tatu kidevuni, ananiita mwanangu? Cheka tu. Uzee una milango mingi, mimi niliingilia mlango wa kuunguza waya. Nasikia umepata kigari cha mtumba, na sasa unatafuta sabufa na ampu ya kuisukuma kwa hela kidogo uliyonayo. Basi kaa hapa kwanza, kabla hujaenda dukani. Mimi niliishia darasa la saba, sina cha kukusomea kitabuni. Lakini somo hili nililisoma kwa pua.

Baba yangu aliitwa Doto. Unajua kwetu Usukumani mapacha ni Kulwa na Doto, na Kulwa ndiye anayetangulia. Baba mkubwa Kulwa alitangulia kuzaliwa, akatangulia na kufa. Katika ujana wao kule Magu walipiga ngoma wote wawili kwenye mashindano ya baada ya mavuno, yale ambayo makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, na watu wanahamia kwa anayenoga. Baba alipenda kutuambia, "Kulwa aliwahi mara moja tu, siku ya kuzaliwa. Tangu hapo kila pigo alichelewa." Tunacheka, yeye anacheka kutuzidi.

Alipozeeka tukamleta Buhongwa tukae naye. Masikio yakaanza kumwacha taratibu, kama mgeni anayeaga huku bado amekaa. Mwanzo tulipaza sauti. Baadaye hata kupaza hakukusaidia. Unamuuliza, "Baba, umekula?" Anakujibu, "Mvua hiyo ni ya kesho." Wajukuu wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Mwisho baba akaacha kujibu kabisa, na hapo ndipo nyumba ilipokuwa kimya kwelikweli.

Binamu yangu alikuwa na kanda ya zamani ya Kulwa na Doto wakipiga ngoma. Akaihamishia kwenye simu yangu. Nikamwekea baba simu sikioni, akatikisa kichwa. Nikaongeza sauti, akatikisa tena, akanirudishia simu kwa upole, kama mtu anayerudisha sahani na hataki kukuambia kwamba mboga haikuwa na chumvi.

Sasa siku moja gari la matangazo, lile lenye maspika makubwa mgongoni, likasimama karibu na geti letu likipiga muziki. Baba alikuwa kwenye benchi la mbao anamenya viazi. Kisu kikasimama. Akaweka kiganja juu ya benchi.

"Nani anapiga?" akauliza.

Mwezi mzima alikuwa hajasema neno. Nikajua kwamba masikio yamefungwa lakini mwili bado una mlango. Nikajiahidi moyoni kuwa baba atamsikia Kulwa tena, hapahapa duniani, kabla hawajakutana huko mbele.

Nia njema hiyo, si ndiyo? Ngoja.

Wakati huo nilikuwa nabeba dagaa kutoka Mwaloni pale Kirumba kwa kigari changu kidogo, kigari chenye harufu ambayo hata mwizi angekirudisha. Nikajibana, nikakusanya, nikaenda dukani mjini. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, mdomo wake una mafuta. Akanionyesha sabufa ya inchi kumi na tano, kubwa kama sinia la pilau ya harusi, na ampu ambayo boksi lake lilikuwa limechorwa moto na kuandikwa wati elfu tatu.

"Kaka, ukiwasha hii hapa, Ukerewe wanaulizana nani kaoa."

"Itafaa gari dogo?"

"Kwani gari ndilo linalosikiliza?"

Nikacheka, nikalipa. Mtu akishakuchekesha, mwanangu, mkono wako mmoja unakuwa tayari umo mfukoni mwako, unamtolea yeye.

Hela ikaishia hapo. Ya waya haikubaki, nikachukua waya wa taa za nyumbani uliobaki shemeji alipokuwa anajenga. Ya boksi la spika haikubaki, nikagongelea la mbao nyepesi za dari. Kila nikiwasha, fyuzi inakatika. Nikanunua nyingine, ikakatika. Ya tatu nilipoona inanitania, nikaitoa, nikaweka kipande cha waya mahali pake. Kimya. Haikukatika tena. Nikajiona fundi.

Na sabufa yenyewe niliielekeza wapi? Hapa ndipo penye aibu yangu. Niliigeuza itazame mlango wa nyuma, barabarani, na mgongo wake nikampa baba. Nilikuwa nawaambia watu namfanyia baba, na kweli nilimpenda. Lakini nilipofumba macho kuota, sikumwona baba akisikia. Niliona Igoma yote inageuka kunitazama.

Jumamosi moja mchana nikampandisha siti ya nyuma, tukakata ile njia ya kutokea Igoma. Nikafungulia ngoma ya Kulwa na Doto. Plate namba ikaanza kucheza, kioo kikalia, mbao za dari zikapiga kelele kama mabati kwenye upepo. Debe tupu haliachi kuvuma. Nikamtazama baba kwenye kioo. Akainama kunisogelea, akasema kwa huruma, "Mwanangu, gari linakohoa."

Nilipaswa kusimama. Badala yake nikaongeza sauti, kwa sababu tulikuwa tumeshafika kwenye magereji, na vijana ninaowajua walikuwa wamekaa pale.

Moshi ukatoka. Yowe likapigwa. Baba akapunga mkono.

Nilishuka, mlango wa baba ukakataa kufunguka kwa papara yangu. Aliyemtoa si mimi. Alikuwa fundi mmoja mzee, ovaroli la bluu limepauka magotini, anaitwa Mzee Ng'wandu. Alifungua boneti, akachomoa kichwa cha betri, akazunguka, akamshika baba mkono na kumtoa kama anayemwongoza bibi harusi. Hakukimbia hata hatua moja. Chini ya kapeti, hapo hapo baba alipokuwa ameweka miguu, waya wangu wa taa ulikuwa umeyeyuka mpaka shaba inaonekana.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Umempandisha baba yako juu ya jiko." Akachungulia mahali pa fyuzi, akakitoa kile kipande changu cha waya kwa koleo, akakiinua watu wakione. "Fyuzi ikikatika inasema na wewe. Mara ya kwanza imesema. Mara ya pili imesema. Wewe ukaiziba mdomo. Huyu mzee hasikii kwa sababu ya umri. Wewe una masikio mazima, husikilizi. Sasa kiziwi wa gari hili ni nani?"

Hakupaza sauti. Angepaza ningepata cha kumkasirikia. Nikalia, mwanangu, mchana kweupe, mbele ya wale wale vijana niliotaka wanitazame. Na walinitazama vizuri tu.

Mzee Ng'wandu akaniacha nimalize. Kisha akauliza muziki ule ulikuwa wa nini, nikamweleza yote, kanda, benchi, viazi. Akamgeukia baba. Watu walikuwa wanamzunguka wakimpigia kelele masikioni, "Pole mzee! Pole!" Yeye akachukua kiganja cha baba, akakilaza juu ya boneti, akagonga bati kwa vidole, pigo la ngoma ya kwetu. Baba akamwangalia. Akagonga jibu. Mzee akagonga tena, baba akajibu na kuongeza la kwake juu, kwa madaha. Wale watu wote wakasogea kutazama.

"Huyu alikuwa mpigaji," akasema Mzee Ng'wandu. "Njoo sasa nikufundishe kusoma. Hii ampu wamekuambia wati ngapi?"

"Elfu tatu."

"Nani kakuambia?"

"Boksi."

"Boksi limechapwa na anayeuza. Soma fyuzi yake, huyo hana biashara. Hapo penye tundu lake pameandikwa ngapi?"

"Ampea thelathini."

"Na umeme wa gari ni volti kumi na mbili. Zidisha."

Nikaandika kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Mia tatu sitini.

"Basi hizo ndizo zinazoweza kuingia. Na karibu nusu yake inaishia kwenye joto. Sasa niambie, ng'wanawane, mwanangu, elfu tatu zimeingilia wapi?"

"Zimepitia dirishani, mzee!" akadakia mama mmoja muuza nyanya, watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka na machozi yangu.

Kisha akagonga lile boksi langu la mbao za dari. Likalia kama kopo. "Baba yako wa enzi zake za ngoma angeona hili angekuchapa," akasema. "Ngoma ni ngozi au ni mzinga?"

"Ni vyote viwili."

"Wewe umenunua ngozi ya dume zima, ukaiwamba kwenye kikapu."

Hapo nikaelewa, mwanangu, kuliko maelezo yote ya dukani. Spika ni ngozi tu. Sauti inakaa kwenye mzinga, na ngozi kubwa inadai mzinga mkubwa ambao kigari chako hakina pa kuuweka.

Ilichukua miezi miwili. Alinishauri nibadilishe ile sabufa kwa ya inchi kumi, ya mtumba, iliyotumika lakini nzima. Ampu tukatafuta iliyoandikwa wati chache ila za kudumu, zile inazotoa saa nzima bila kuchoka, si za kufyatuka mara moja na kuzima. Boksi tulilichonga pamoja kwa ubao mzito, dogo, limezibwa kila upenyo, maana boksi lililozibwa linatoa pigo fupi na safi, kama ngoma iliyokauka vizuri. Waya mnene wa shaba. Fyuzi yake karibu na betri kabisa. Waya wa kurudisha umeme, ule wa kwenda kwenye bodi ya gari, aliukata mfupi, na pale ulipofungwa alikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Halafu, bila kuniuliza, akaligeuza boksi. Mgongo kwa barabara, uso kwa siti ya baba.

"Mtaani hawatasikia, mzee," nikasema. Nilikuwa bado sijapona kabisa, unaona.

"Mtaani kuna baba yako?"

Tulikwenda ziwani, ng'ambo kidogo ya Kirumba, pale mawe yanapoingia majini. Jua lilikuwa bado juu. Nikapandisha vioo. Nikaanza chini kabisa, nikaongeza polepole kama Mzee Ng'wandu alivyonionyesha, nikaacha sauti ilipoanza tu kutaka kukwaruza, nikarudisha nyuma kidogo. Kina mama wenye ndoo za dagaa walipita karibu nasi, hata mmoja hakugeuka.

Baba alikuwa ameegemea siti. Kwanza hakuna kitu. Kisha mgongo ukanyooka. Akapeleka mkono nyuma, juu ya siti, akaupapasa ubao wa boksi, akatuliza kiganja, akafumba macho.

"Huyo ni mimi," akasema.

Nikashika usukani ingawa gari lilikuwa limezimwa. Ngoma ikaenda. Ngoma ya pili ikaingia. Baba akainua kidole, akangoja, akangoja, uso ukafunguka wote, akacheka kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau.

"Kulwa kachelewa tena!"

Tuliirudia mpaka betri ikaanza kulegea. Njia nzima ya kurudi Buhongwa baba alinisimulia, uwanja gani, mwaka wa mavuno gani, nani alianguka akicheza. Mimi sikuwa na swali la kumuuliza, wala asingelisikia. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza.

Sasa baba yuko na Kulwa. Sijui huko nani anachelewa. Boksi lile liko bado kwenye gari, na sehemu moja ya ubao imeng'aa kwa kiganja chake. Sijaipaka rangi. Bado naota, usidhani nimeacha. Naota gereji yangu mwenyewe pale Igoma, na benchi refu la mbao mbele yake, la wazee wasiosikia.

Basi sikia, mwanangu. Hela yako ikiwa ndogo, ianzie pasipoonekana: waya, fyuzi, ubao wa boksi. Kinachobaki ndicho kinunue spika na ampu, na ukibakiwa na kidogo, nunua kidogo kilicho kizima. Usinunue ukubwa. Uliza wati za kudumu, usiulize za boksi, na wakikuficha, soma fyuzi uzidishe mwenyewe. Namba ya ukinzani ya spika, ile ya omu iliyoandikwa mgongoni mwake, ipatane na ile ampu inayoiweza. Hujui, uliza fundi, kuuliza si ujinga. Fyuzi ikikatika usiizibe mdomo. Rahisi ikishakuunguza inakuwa ghali, na ngoma ivumayo haidumu. Na kabla hujafunga skrubu ya mwisho, jiulize unamgeuzia nani uso wa sabufa yako, na nani umempa mgongo.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie waya usioshika moto na abiria unayempenda. Akupe masikio yanayosikiliza mapema, na siku yako ya kuchelewa akupe mtu wa kukungoja kidole kikiwa juu, akicheka. Wabeja, asante kwa kunisikiliza.