Wifi na Chui Milia

Nilimwonea wivu wifi yangu, mke wa kaka yangu, na chanzo kilikuwa filamu ya chui milia. Nakiri mapema ili msomaji asihangaike kunitetea.

Mama anaishi Kamachumu pamoja na kaka na huyo wifi. Mimi nafundisha Kiingereza Bukoba mjini, na kwangu ni Rwamishenye. Macho ya mama yalipoingia ukungu, akawa anaona vivuli tu kwenye televisheni, nilijipa kazi ya kumsimulia filamu kila nilipokwenda kumwona. Ilikuwa kazi yangu peke yangu. Wifi aliishia darasa la saba, Kiingereza hajui, na isitoshe alikuwa na mama siku zote nyingine. Ile moja ya kwangu niliitaka nzima.

Jumapili moja baada ya misa nilifika na flashi. Filamu ilihusu watu wanaoingia kwa mtumbwi kwenye msitu wa mikoko, huko India, kurina asali, na chui milia jike anawawinda mmoja mmoja. Nilikaa ubavuni pa mama nikaanza kutafsiri neno kwa neno, kama nilivyosomea. Nikamweleza mikoko ni miti gani, kwamba inaota kwenye maji ya chumvi na mizizi yake inachomoza juu ili ipumue. Nikaeleza na kupwa na kujaa kwa maji. Chui milia alipotokea kwa mara ya kwanza, mama alikuwa anasinzia.

Wifi akaingia, ametoka kupunguza majani ya migomba. Akanawa mikono, akaketi mkekani. Alitazama kidogo, kisha akaanza kusimulia kwa Kihaya bila kuombwa na mtu. Mikoko ikawa mafunjo ya ziwani. Chui milia akawa engo, chui wetu wa kawaida, ila huyu eti kajifunga kanga ya mistari. Kiongozi wa warina asali akapewa tabia za jirani yetu mmoja mbishi, na kila alipofungua mdomo, yaliyotoka yalikuwa maneno ya yule jirani. Hakuna hata sentensi moja wifi aliyoipatia. Mama aliamka, akajisogeza karibu naye, akacheka mpaka akashika mbavu.

Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Siku hiyo niliona maji yakishinda.

Ikafika sehemu ambapo warina asali wanavaa vinyago kisogoni. Wifi akasema huyo bwana kamwona mama mkwe wake kwa mbali, sasa hataki ijulikane kama anakuja au anakwenda. Mama akampiga kofi la utani begani.

“Siyo hivyo, Mama,” nikasema. “Chui milia hushambulia kwa nyuma. Kile kinyago ni cha kumdanganya, adhani anatazamwa.”

Mama aligeuza uso upande wangu. “Mwache amalize, mwanangu,” akasema kwa upole.

Upole ule uliniuma kuliko karipio. Nilivumilia kama dakika kumi, kisha nikachomoa flashi, nikadanganya kwamba ni ya mwalimu mwenzangu na anaidai. Filamu ilikuwa imefika pale chui milia amewazingira watu wawili juu ya mti. Kaka, aliyekuwa akitazama nasi, aliguna. Wifi akaenda jikoni kuangalia ndizi. Njia nzima ya kurudi mjini nilijipongeza kwamba mwisho wa hadithi nimeondoka nao, na mama hana budi kunisubiri.

Wiki mbili baadaye nilirudi na flashi yangu. Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimejizoeza mbele ya kioo kusimulia kwa Kihaya, na vichekesho nikaviweka. Mama akaniambia nisijisumbue. Wifi alishaimalizia jioni ileile, wakichambua maharage. Mama akanisimulia: kumbe yule chui alikuwa na watoto ndani ya mafunjo, basi wale watu wakateremka, wakamwachia asali yote, wakarudi kwao salama. Kwenye filamu chui anapigwa risasi, na mmoja wa wale wawili anakufa. Nilifungua mdomo nimweleze, nikaona anavyotabasamu, nikaufunga. Haukuwa wema. Nilijua hataniamini.

Wifi akatoka ndani na kikapu kidogo cha akamwani, zile punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa tunazotafuna. Akamsogezea mama kwanza, kama kawaida yao. Mama akakipapasa kile kikapu, akakisukuma taratibu kuelekea kwangu.

“Anza na mgeni,” akamwambia.

Nilizaliwa katika nyumba ile. Nikanyoosha mikono miwili, nikapokea punje tatu, nikashukuru.