Siku Niligeuza Rangi ya Ngombe ya Mahari

Sitaficha: ni miye niligombanisha ndugu wawili mbele ya familia nzima, na nilifanya ile kazi kwa kidole kimoja tu, nimekaa kwa kiti yangu hapa Bunia, nakunywa chai.

Miye natengenezaka video ya ndoa (na natengenezaka muzuri, hilo hata leo siliondoe). Espérance, bibi arusi, aliniomba kitu kimoja. Siku ya mahari mawingu ilifunga, na kwenye video sura yake ilitoka nyeusi hata macho haionekane. Nikamwambia asihangaike. Mu ordinatere yangu, ile kompyuta ya kazi, unaweza kushika rangi moja peke yake, ukaipandisha mwangaza, zingine zikabaki vile ziko, na ngozi yetu ile masini inaihesabu kama rangi ya machungwa. Nikapandisha machungwa, sura ikangaa, nikapandisha tena kidogo (hapo ndipo ningesimama), halafu kwa uvivu nikabandika ile ile kwa video yote, bila kuiangalia, nikaenda zangu kukata nywele.

Jumapili kisha misa tukakusanyika mu sale, ukumbi ya parokia, kuangalia video kwenye ukuta. Nikasimama mbele na koti, nikawaeleza kwamba kazi kama hii hawataiona kwa mwingine. Espérance akatokea kwenye ukuta, anangaa, wamama wakapiga vigelegele. Kisha zikaingia ngombe.

Zilikuwa ngombe nyekundu, za rangi ya udongo, na masini nayo inazihesabu machungwa. Kwenye ukuta zilipita nyeupe-nyeupe, kama maziwa iliyotiwa chai kidogo.

Muzee Kisembo, baba ya Espérance, siku ya mahari alikuwa amelazwa hospitali ya Nyankunde. Ni mudogo wake Mugisa alipokea zile ngombe na kuzipeleka kwa miguu mpaka zizi ya muzee, Bogoro. Muzee akasimama polepole.

"Mugisa, ngombe iko kwangu ni nyekundu. Hizi nyeupe uliziacha kwa nani?"

"Yaya, mukubwa wangu, nilikuletea zile zile nilipewa."

"Video inaziona. Ni weye tu huzione."

Na mashangazi, waliokuwako siku ile na kuziona kwa macho yao, wakaanza kusema ni kweli, hata wao walikumbuka zilikuwa nyeupe. Mugisa akasimama. Akachukua kofia yake, akatoka. Miye nilikuwa najua, na nilinyamaza mpaka alipofika kwenye mulango (ile kunyamaza ndiyo inanichoma kuliko yote).

"Muzee, ni miye," nikasema. "Nilipandisha rangi."

Hakuna aliyeamini; walifikiri namfichia Mugisa. Basi nikafungua kazi yangu pale pale, nikashusha machungwa watu wote wakitazama. Ngombe zikarudi nyekundu. Nikarudisha nyuma, Espérance naye akarudi giza, sale ikacheka, nami jasho inashuka mu koti. Nikamwuliza Espérance kama nimutengenezee sura peke yake.

"Acha vile," akasema. "Bwana yangu alinioa na hii sura."

Muzee alikuwa ameshatoka. Alirudi amemushika Mugisa mukono, wakakaa kwa banki moja ya mbao, na hakuna mutu aliniangalia tena mpaka mwisho.

Kazi bado naiweza, tena kuliko wengi. Ila siku hizi sura naizungushia mupaka kwanza, mwangaza ukae mule ndani, kisha naangalia video yote mpaka mwisho. Na ndoa ikiwa na ngombe, napigia simu mwenye zizi, namuuliza ziko rangi gani.