Siku Maiki ya Mama Iliposikika Kanisani

Aibu hii nimekaa nayo miaka mitatu, na kama si watu wa mtaa wangu wa Migosi kuisimulia vibaya (wapo wanaosema nilikuwa uchi, si kweli, nilikuwa na fulana na taulo), ningeendelea kunyamaza. Lakini naona afadhali niiseme mwenyewe, kwa kinywa changu, maana ni kinywa hiki hiki kilichoniponza.

Mama yangu alikuwa mtu wa sauti. Nyumbani kwetu karibu na Sondu, nilipokuwa mdogo, mitambo yote tuliyokuwa nayo ilikuwa redio moja ya baba, ile ya kubebwa begani kwa mkanda, ambayo betri zake zikichoka tulizianika juani zipate nguvu kidogo za kusikilizia matangazo ya vifo, na majirani walikuja wakakaa uani kimya wakisubiri kusikia nani ametutoka na atazikwa lini. Mawasiliano mengine yote yalikuwa mama. Akisimama nyuma ya jikoni akaita "Ochieng'" mara moja tu, nilimsikia nikiwa kule mtoni, na wenzangu walimsikia pia, wakaniambia, "Toka majini, redio yenu inakutafuta." Jioni akiimba huku anasonga ugali, hata baba alipunguza redio yake, na baba hakuwa mtu wa kumpunguzia mtu yeyote redio.

Kwa hivyo mnaweza kufikiria nilivyojisikia mama alipoteleza kisimani akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji hapa Kisumu, halafu nikamleta kwangu Migosi apone, nikagundua kwamba ile sauti imeisha. Akiniita kutoka chumbani hainifikii hata jikoni. Alikuwa akigonga chuma cha kitanda kwa kijiko, na mimi kazi yangu ni kutengeneza cherehani kwenye veranda, kelele tupu, kwa hivyo mara nyingi aligonga mpaka akachoka akaacha, nikamkuta amelala na kiu. Mke wangu, Mama Adhiambo, ni muuguzi Kericho, anarudi Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili, na binti yetu Adhiambo yuko shule mchana kutwa. Tulikuwa mimi na mama, basi.

Ndipo nikaenda mjini kutafuta chombo kisicho na waya kitakachotuunganisha, na hapo hapo kimletee muziki. Dukani nilihudumiwa na mama mmoja mwenye miwani, mpole sana, akaniwekea mezani seti mbili, kila moja ina spika na maiki mbili za mkononi. Moja ilikuwa nyeusi, haina mapambo, inafanana na sanduku la viatu. Ya pili ilikuwa na taa pembeni, nyekundu, buluu, kijani, zinacheza zenyewe ukiiwasha.

"Chukua hii nyeusi," akaniambia. "Ina kitufe cha kubadilisha chaneli. Hii ya taa imefungwa kwenye chaneli moja tu. Jirani akiwa nayo kama hiyo, mtaingiliana."

"Jirani yangu ni kanisa," nikamwambia. "Tumegawana ukuta. Hapo hakuna disko."

Alinitazama juu ya miwani akasema sawa, mteja ni wewe. Nikachukua ya taa. (Mimi ni fundi, na fundi akielezwa jambo na muuzaji husikia kama anadharauliwa, huo ni ugonjwa wetu.)

Na kusema kweli siku nne za kwanza zilikuwa raha ambayo hata leo nikiikumbuka natabasamu peke yangu. Spika niliiweka jikoni, dirisha la veranda likiwa wazi, maiki moja nikaiweka kwenye kistuli kando ya kitanda cha mama. Asubuhi ya kwanza niko kwenye cherehani ya mteja nikasikia sauti nzito inatoka jikoni: "Haya ni matangazo. Mzee Ochieng' wa Migosi anaombwa popote alipo alete uji. Uji huo unajulikana kwa jina la uji wa saa mbili, na sasa ni saa tatu." Alikuwa akimwiga mtangazaji wa zamani wa redio ya baba, kila kituo, kila kikohozi. Nikaacha bisibisi nikacheka mpaka nikakaa chini. Jioni niliunganisha simu na ile spika, nikamwekea nyimbo za benga za ujana wake, na Adhiambo akamsukuma bibi yake kwenye kiti cha magurudumu mpaka jikoni aone taa. Sauti yake ilikuwa imerudi, jamani. Kwa umeme, ndiyo, lakini imerudi.

Sasa kabla sijafika Jumapili lazima niwaambie jambo ambalo nililificha. Wiki kadhaa kabla ya hapo, Mama Rosa, kiongozi wa akina mama wa kanisa hilo, ambako sisi pia tunasali, alisimama langoni kwangu akasema wamesikia mama yangu yupo, wangependa kuja kumwona na kumwombea. Nikamwambia daktari amekataza, na mama mwenyewe hataki wageni. Daktari hakukataza kitu. Nilifikiria tu akina mama kumi na tano, chai, viti sina, sebule imejaa vyuma vya cherehani na nguo ambazo hazijakunjwa, na mke wangu hayupo. Nikasema nitawaita akipata nafuu. Mama Rosa akarudi tena, nikamwambia vile vile. Mara ya tatu hakurudi.

Jumamosi ile nilimpigia mchungaji simu kumwambia kwamba sitaweza kusoma neno kesho yake, naenda Sondu kuangalia boma. Hiyo nayo haikuwa kweli, nilitaka tu kulala. Mke wangu alisikia akaniambia, "Mimi nitaenda na Adhiambo, na sitasema neno, la uongo wala la kweli." Hakujua habari ya Mama Rosa, angenifukuza.

Kitu ambacho sikukijua mimi ni kwamba panya walikuwa wamekata waya wa maiki ya kanisa, na wiki hiyo hiyo kamati ilikwenda mjini kununua isiyo na waya. Waliingia duka lile lile, na taa ziliwapendeza wao pia.

Basi Jumapili, kama saa nne hivi, nimeoga, niko na fulana na taulo, nimekaa ukingoni mwa kitanda namkata mama kucha za miguu. Alikuwa ameitumia maiki kuniomba maji na haikuzimwa, iko pale kwenye kistuli. Sauti zetu zilikuwa zikirudi kutoka jikoni kwa spika yetu, tulishazoea, na ya mchungaji iliyochanganyika nazo nilidhani inapita dirishani kama kila Jumapili.

"Wuoda," akaniambia, yaani mwanangu, "leo huendi kanisani?"

"Wanajua niko Sondu."

"Sondu gani?"

"Sondu ya mdomo, Mama."

Akacheka, na mimi mtu akinichekea huwa sijui kuacha. Nikaanza kumwiga mchungaji. Nikasema akitamka "na mwisho kabisa" ndiyo kwanza anapasha injini. Nikasema yule mzee wa kusoma matangazo anasoma kama anayevuka mto kwa mawe. Nikaiga sauti. Nikaiga na kikohozi. Mama anacheka, tumbo linatikisika, ananiambia niache, nyonga inauma.

Halafu akauliza, "Hao akina mama wanaoimba, wanajua niko hapa?"

Mkasi ukasimama. "Wanajua. Nimewaambia mara nyingi. Ni watu wa shughuli, Mama, mjini si kama nyumbani."

"Kwetu mgonjwa akiletwa kijijini, jua halikuzama kabla hatujafika na uji." Alisema bila hasira, akiangalia dirisha. "Kila Jumapili nawasikia. Nyimbo zao zote nimezijua, wao jina langu hawalijui. Labda wanaogopa kuombwa vitu."

"Labda," nikasema mimi, mtoto wake.

"Usiwaseme vibaya. Mungu awape nguvu wasichoke kuimba. Bila wao ningekuwa nafikiri Jumapili imefutwa."

Niliinama nikamalizia kidole kidogo, kwa sababu sikuweza kumwangalia. Ndipo nikagundua kumekuwa kimya upande wa pili. Hakuna wimbo, hakuna mahubiri, hata watoto hawalii. Nikainuka nikaenda jikoni kuzima spika nisikilize vizuri, na nilipoizima, sauti ya mama ikaendelea. Ilikuwa inatoka nje, juu ya ukuta, kubwa, inajaa mtaa: "Ochieng', umekwenda wapi na mguu mmoja bado?"

Nilikimbia chumbani nikasema kitu cha kijinga kuliko vyote nilivyosema asubuhi hiyo, nikiwa nimeinamia maiki yenyewe: "Mama, wanatusikia kanisani." Kanisa zima likacheka. Nililisikia likicheka kupitia ukuta, kicheko cha watu mia mbili waliokuwa wamejizuia muda mrefu.

Nikanyoosha mkono nizime. Mama akawahi, akaichukua maiki akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Wananisikia mimi?" akaniuliza.

"Kila neno."

Akajiweka sawa kwenye mto, akavuta leso yake kichwani, kana kwamba wanamwona pia. "Amosou," akawasalimu kwa lugha yetu, kisha akaendelea polepole. "Mimi naitwa Nyar Kano, mama yake Ochieng'. Niko hapa nyuma ya ukuta wenu, nina nyonga mbovu lakini masikio ni mazima. Mchungaji, Ochieng' hayuko Sondu. Yuko hapa na taulo."

Kicheko kingine. Kikaisha. Halafu nikasikia viatu kwenye kokoto za uwanja wa kanisa, mtu anakuja mpaka ukutani, na sauti ya Mama Rosa, bila chombo chochote, ikaingia kwa dirisha la chumba: "Mama, tulikuja langoni mara mbili. Tuliambiwa daktari amekataza na wewe hutaki wageni."

Mama alinigeukia. Nimepigwa na mama yangu mara nyingi utotoni, kwa mwiko, kwa fimbo ya mpera, na hakuna kipigo hata kimoja ninachokikumbuka kama lile jicho. Alininyooshea maiki tu.

Nikaishika. Taa ndogo ilikuwa inawaka. Ng'ambo ya ukuta walikuwemo mke wangu, binti yangu, wateja wangu wa cherehani, mzee wa matangazo niliyemwiga, wote wanasubiri.

"Ni mimi niliyewaambia hivyo," nikasema. "Mama hakusema. Daktari hakusema. Sikutaka kazi ya wageni. Naomba mnisamehe. Mama, unisamehe na wewe."

Halafu nikazima.

Baadaye mke wangu alinisimulia ilivyokuwa ndani. Mwanzoni, nilipomkatiza mchungaji kwa kuiga sauti yake mwenyewe, wasimamizi wa mitambo walizima maiki yao, na ndipo tukazidi kusikika. Walikuwa wanataka kuchomoa spika yenyewe mama alipouliza kama akina mama wanajua yupo. Mchungaji akainua mkono akawaambia waache. Mama alipowaombea wasichoke kuimba, Mama Rosa alikuwa tayari amevua viatu vya visigino na kuvaa champali, akijiandaa kutoka.

Sikupata muda wa kuvaa. Ibada ilikatizwa katikati, na akina mama waliingia langoni kwa mstari, wamebeba viti vya plastiki vya kanisa vichwani, thermosi, mikate, kuni hata, kana kwamba sina jiko. Walinipita pale mlangoni nimeshika taulo. Mmoja akaniambia nisogee. Walimwinua mama, wakamweka kwenye kiti chake, wakamtoa mpaka uani kwenye jua, wakamzunguka, na walipoanza wimbo mama aliushika kwa sauti ya pili, chini kidogo, kwa ile sauti yake iliyovunjika, wakashusha zao ili yake ipate nafasi. Mchungaji aliingia wa mwisho. Akanipa mkono akasema, "Pole na safari," akaenda kuketi.

Jioni tulipobaki wawili nilimletea mama uji, akanywa mpaka nusu. Kisha akasema, "Umenifanya niwanung'unikie watu wasio na kosa, miezi miwili, mbele ya Mungu. Nitamwambia nini sasa?"

Nikakaa pale pale sakafuni. Akaweka mkono kichwani kwangu, akasema uji ulikuwa na sukari nyingi.

Akina mama walikuja kila Jumatano tangu siku hiyo. Mama akapona, akarudi nyumbani kwa miguu yake na mkongojo mmoja, akaishi mwaka na miezi kadhaa, akalala. Siku ya mazishi walikuja kutoka Migosi basi zima, na walimjua kwa jina.

Mimi nimebaki na nadhiri moja. Mtu akiniuliza habari za mtu mwingine, simjibii. Ukiniuliza kama mke wangu atahudhuria harusi, nitakwambia ngoja nimpigie. Ukiniuliza kama Adhiambo anakula omena, na nimeishi naye miaka kumi na minne, nitakwambia ngoja nimwite. Nyumbani wanasema ninachosha, na wanasema kweli, nimewauliza.