Adhabu Nilizowapangia Mastaa Nikiwa Dunguni

Likizo ya mwezi wa sita nilikaa na bibi dunguni, kile kibanda cha miti mirefu tunachojenga katikati ya mpunga ili kuamia ndege wasiumalize. Mimi mtu wa aibu. Darasani hata nikijua jibu sinyooshi mkono. Ila kwenye daftari nina mdomo. Siku zile nilikuwa nawaandikia mastaa adhabu zao za akhera.

Yule dada anayetangaza krimu ambazo mwenyewe hazipaki, nilimpa kioo kinachoonyesha nyuso zilizobabuka za wateja wake tu. Yule kaka anayegawa unga huku anarekodiwa, nilimpanga foleni ya maji. Kila akilifikia bomba anaambiwa arudi nyuma, kamera haikuchukua vizuri.

Nikamsomea bibi. Alicheka mpaka dungu likatikisika.

"Astaghfirullah, mke mwenzangu! Umeajiriwa lini motoni?"

"Naandika tu, bibi."

"Haya, na huyo wa tatu?"

Wa tatu alikuwa mwanamuziki aliyerusha mtandaoni sauti za siri za rafiki yake. Nikafunga daftari.

Huyo alinishinda kwa sababu nami nilifanya vilevile. Bibi akifukuza ndege huwaambia lolote lililomkaa moyoni, na mdogo wake, mwenye dungu ng'ambo ya shamba letu, humjibu. Wanatukanana, wanacheka, na maneno yale hayatoki shambani. Wiki moja nyuma bibi alipiga kelele: "Nendeni kwa mdogo wangu, mchoyo yule, hata chumvi hakupi!" Nikamrekodi kwa simu ya mama, nikaweka status. Bibi mdogo akaja kuyasikia kwenye simu ya binti yake, kijiji chetu chote cha Bungu kinacheka.

Tangu hapo dungu la pili likawa kimya. Bibi, asiye na simu, aliita kila asubuhi.

"Labda koo linamuuma," alisema.

Nikamwambia yote, macho yangu kwenye vidole vya miguu. Ndege wakatua, bibi hakuwafukuza.

"Yako haingoji kaburi," akasema. "Shuka. Kaamie kwake."

Nikavuka mpunga. Nilipopanda, bibi mdogo alinitazama tu.

"Nisamehe, bibi. Ni mimi niliyerekodi."

Akanisogezea kombeo na madonge ya udongo. "Rusha."

Nikarusha mpaka adhuhuri, bega likiwaka moto. Kisha likaja kundi kubwa, mpunga ukainama. Akainuka, akajifunga kanga kiunoni.

"Nendeni kwa dada yangu, bingwa wa kukoroma!"

Sauti ya bibi ikaja kutoka ng'ambo, imekwaruza:

"Nakoroma nimeshiba! Wewe je?"

Bibi mdogo akakaa, akaficha mdomo kwa ncha ya kanga, mabega yakimcheza. Aliponigeukia, uso ulikuwa mkavu tena.

"Na kesho uje," akasema. "Simu uiache kwenu."