Shikamoo ya Kibanda cha Gemu

Mwenyekiti wa mtaa wetu ametangaza rasmi kwamba gemu zinawafundisha vijana matusi na ubishi, hivyo kibanda cha Vaileth, huku Tengeru, kifungwe Jumamosi. Tangazo lilikuja kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kwa herufi kubwa, kwa kuwa yeye huandika kila kitu kwa herufi kubwa, kwa kidole kimoja, ulimi umetokeza kidogo. Humo hubishana siasa tangu chai ya asubuhi. Mtu akimpinga, yeye humwita kibaraka, na akizidiwa hoja hujitoa kwenye kundi, kisha hupiga simu ili arudishwe.

Ijumaa alikuja kukagua. Akaombwa ajaribu kwanza mechi moja ya mpira dhidi ya Vaileth. Alishika pedi ya kuchezea kama mtu aliyeshika kifaranga cha jirani, akafungwa mabao matano. Vaileth, ambaye ni rika la mjukuu wake, akamweleza kwa upole: “Mzee, humu aliyefungwa humwamkia aliyemfunga.”

Vijana wakageuka wamtazame. Mwenyekiti akautazama mlango, kwa mazoea ya kundini. Akakohoa.

“Shikamoo.”

“Marahaba, baba. Pole na kazi.”

“Weka ingine, binti.”

Jumamosi kibanda kilifunguliwa mapema kuliko kawaida, kwa ombi la ofisi ya mtaa.