Kaka Alipolishusha Gari

Mama yetu aliuza maziwa pale Masisi, na jina lake lilikuwa na uzito sokoni. Majirani walipoomba kuuza bidoni zao, madumu ya maziwa, kwa jina hilo, alikubali, lakini alionja kwanza. Yakiwa na maji hata kidogo aliyarudisha, na mwenye bidoni akaambiwa ukweli waziwazi.

Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba kaka yangu alikuwa mjinga. Alikuwa akicheza mashindano ya magari kwenye chumba cha michezo ya video karibu na soko. Katika mchezo ule unachagua gari, kisha unachagua kampuni ya kulirekebisha liwe na mbio. Kuna moja aliipenda kupita zote, inayoshusha gari mpaka likaribie kulamba lami. Mwenye chumba akamwambia kampuni hiyo ipo kweli, huko Ulaya, na wenye mchezo wanailipa ili watumie jina lake.

"Dada," akaniambia, "Mama hawezi kuazima muntu jina yake kama hajaonja maziwa. Ile kampuni nayo iko vile. Ilionja."

"Ilionja njia ya kwetu?"

Akacheka. "Wewe baki na bidoni zako."

Akakata springi za jipu letu la kupelekea maziwa mjini Sake, lishuke kama lile la mchezo, akaandika jina la kampuni mlangoni kwa rangi nyekundu. Kiangazi kizima lilipita, na watu wakalisifu, hata Mama.

Mvua iliporudi, Mama akashikwa na kifua. Tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwangu, tukashuka kwenda hospitali. Kwenye mteremko tumbo la gari likapanda jiwe, likakaa. Magurudumu yakazunguka hewani. Kaka akakanyaga mafuta, moteri ikalia mlima mzima, na sisi pale pale. Wanaume wakatoka mashambani kusukuma, wapi! Mmoja akakimbia kutafuta kipoyi, machela ya miti tunayobebea wagonjwa. Nilimchukia kaka yangu saa ile, nasema kweli. Niliichukia na ile kampuni, ambayo hata haijui kama tupo.

Mama alikuwa amefumba macho. Akausikia ule mlio, akanyoosha mkono kutafuta kiti cha mbele.

"Mwanangu, unakimbia sana. Punguza."

Hakusema tena neno. Kipoyi kilimkuta amekwisha kutuacha. Lakini alikuwa bado anapumua kaka alipozima moteri, akaushika ule mkono, akamjibu: "Ndiyo, Mama. Nimepunguza."